Kivuli Kwenye Boneti Nyekundu

Mwalimu alimwona mke wa mchumba wake siku moja kabla ya mchumba huyo kuja nyumbani kwao kujitambulisha. Hakumwona njiani wala dukani. Alimwona kazini, mezani pake, ndani ya picha ya kereng'ende aliyetua juu ya boneti ya gari jekundu.

Tuseme ukweli, siku hiyo hakuwa hata na haja ya kwenda kazini. Ilikuwa Jumamosi, na nyumbani mama yake alikuwa ameshaipindua sebule juu chini, ameshusha mapazia ya zamani, ametoa kabatini vile vikombe ambavyo wenye nyumba hawakuruhusiwa kuvigusa. Lakini Mwalimu alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuchapisha picha moja kubwa, aitie kwenye fremu na kuitundika ukutani, mkabala na kiti atakachokalishwa mgeni. Alitaka mama alijue jicho la mtu huyu kabla hajaliona ovaroli lake.

Maana mama naye alikuwa na lake, na hakulificha.

"Fundi wa kupiga rangi magari," alikuwa akisema wiki nzima, huku akikunja nguo. "Sawa. Kazi ni kazi, hilo silisemi. Ninalosema mimi ni hili: mtu mzima kama yule, hana mke, hana mtoto, hana hata kisa cha mtu aliyemwacha? Mwanamume asiyemtaja mtu, mwanangu, ana mtu."

"Labda hajabahatika tu, Mama."

"Labda. Muulize."

Hakumuuliza. Aliona kuuliza ni kumvunjia mtu heshima. Na pengine, akijichunguza vizuri, aliogopa kujibiwa.

Hilo jina la Mwalimu alipewa na watu asiowajua, na hajawahi kushika chaki maishani mwake. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha wadudu cha jumba la makumbusho, nyuma ya ukumbi wa ndege waliokaushwa, chumba chenye makabati ya droo nyembamba na harufu ya dawa ya nondo ambayo ilimfuata mpaka kitandani. Kila asubuhi alifungua kompyuta na kuzikuta picha za kereng'ende zimemsubiri. Watu wa kila namna walimtumia: mtunza bustani, nesi mstaafu, dereva wa lori aliyepiga picha kila aliposimama kupoza injini. Nyingi zilipigwa kwa simu. Nyingine kidole kilikuwa kimeziba nusu, nyingine mdudu alikuwa doa dogo kwenye majani mengi. Yeye alitakiwa kusema huyu ni wa jamii gani, wa aina gani, dume au jike.

Aliijua kazi hiyo vizuri na aliipenda. Aliangalia macho kwanza, kama yamegusana juu ya kichwa au yameachana. Akaangalia namna mabawa yanavyokaa mdudu akitulia, kama yametandazwa au yamekunjwa mgongoni. Akahesabu vishipa vya bawa, akaangalia ncha ya mkia. Akiridhika aliandika jina, basi. Asiporidhika aliandika: "Haitambuliki. Tafadhali ongeza picha ya pili, kutoka ubavuni." Kisha akaeleza sababu. Wanagenzi aliwasisitizia jambo moja mpaka wakamzoea: usimpe mdudu jina kwa kuangalia rangi peke yake, kwa sababu dume mchanga huvaa rangi ya jike, na ukifanya haraka utaaibika.

Ndipo siku moja ikaingia picha kutoka kwa mtu aliyejiita Fundi Rangi. Kereng'ende mwekundu juu ya boneti nyeusi, kila kishipa cha bawa kinaonekana. Wengine wote huuliza, huyu ni mdudu gani? Huyu aliandika maneno matatu tu: "Huyu ni nani?"

Mwalimu alicheka peke yake kama mwendawazimu. Akamjibu. Siku ya pili ikaja nyingine, kisha nyingine, zote nzuri kupita kiasi. Mdudu ametulia kana kwamba ameambiwa akae sawa. Jioni moja Mwalimu akashindwa kujizuia, akamwandikia: "Una jicho. Lakini zaidi ya jicho ni huu mwanga wako. Jua kali, boneti inang'aa, na bado mwanga umelainika namna hii. Sijui unaupataje." Akajibiwa: "Asante."

Ukitaka kujua mapenzi yalianzia wapi, yalianzia hapo. Mengine yakafuata: kupigiana simu, chai katika mgahawa wa mbele ya makumbusho, yule mwanamume mpole mwenye mabaka ya rangi kwenye kucha akiuliza kwa nini kereng'ende wanaziangukia boneti zake. Mwalimu akamweleza kwamba kereng'ende hutambua maji kwa mng'ao wake, na boneti iliyopigwa msasa na vanishi ikakolea humdanganya kuwa ni dimbwi. Jike huja kutaga pale, na mayai yote hukauka. "Maskini," Fundi alisema, akanyamaza muda mrefu, na kwa kunyamaza kule Mwalimu akajua kwamba amekwisha.

Sasa Jumamosi hiyo alichagua picha anayoipenda kuliko zote, akaikuza ili aone kama itastahimili ukubwa wa fremu. Akakuza mabawa. Yako safi. Akakuza kichwa. Safi. Akashuka chini kidogo, kwenye rangi nyekundu ya boneti, kuangalia kama kuna mkwaruzo, akaona mtu.

Rangi ile iling'arishwa mpaka ikawa kioo, na ndani yake aliyeipiga picha alikuwa ameonekana. Kofia pana ya ukili. Kamera kubwa imeziba uso. Mkono mwembamba, bangili moja, na gauni lenye maua.

Mwalimu alikaa akiitazama mpaka kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe. Halafu akaihamishia picha kwenye simu yake, akachukua mkoba, akafunga chumba.

* * *

Gereji ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, na kibanda cha kupigia rangi upande mmoja. Mashine ya upepo ilikuwa imezimwa. Fundi Rangi alikuwa peke yake, ameinama juu ya gari jekundu, akilisugua kwa kitambaa laini taratibu kana kwamba anampangusa mtoto. Harufu ya thina ilikuwa bado kali.

"Mwalimu?" aliinuka. Uso wake ulifurahi kwanza, kisha ukashuku. "Si tulisema kesho?"

"Kesho ni yako. Leo ni yangu."

"Karibu ukae. Hapa pana vumbi lakini..."

"Sitakaa." Akamnyooshea simu. "Huyu ni nani?"

Fundi alijifuta mikono kwanza, kidole kwa kidole, kisha akaipokea simu. Alitazama. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa uongo, au kwa hasira, au kwa yale maelezo marefu ambayo wanaume huyatunga wakiwa wamesimama. Hakuwa amejiandaa kwa alichokiona. Mwanamume yule aliisogeza simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akatafuta ndoo tupu ya rangi iliyokuwa nyuma yake kwa mguu, akaikalia.

"Umeitoa wapi hii?"

"Umenitumia mwenyewe."

"Nimeitazama picha hii sijui mara ngapi," alisema polepole. "Nilikuwa namtazama mdudu."

"Ni nani?"

"Mke wangu."

Mwalimu alijikaza kisabuni. Alisikia sauti ya mama yake kichwani, waziwazi, na sauti hiyo haikuwa hata inamcheka.

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Alifariki kabla sijakujua. Aliugua, tukahangaika naye, akafariki."

Jambo la kwanza lililomjia Mwalimu moyoni lilikuwa nafuu. Ilimjia kwa kasi, kama mtu aliyetua mzigo, na papo hapo akaona haya kwa kupata nafuu juu ya kifo cha mtu. Akakaa bila kukaribishwa mara ya pili, kwenye tairi, na gauni lake zuri likaingia vumbi.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa."

"Ungeniambia lini? Kesho, mbele ya mama yangu? Au baada ya harusi?"

"Kila nikikuona nasema leo nitamwambia. Halafu unaanza kunieleza mambo ya vishipa, nasahau."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ndivyo ilivyokuwa."

Kisha Mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha hiki na kile mpaka jina litoke, akaunganisha.

"Kofia ni ya kwake. Kamera ni yake," alisema. "Kwa hiyo picha nazo ni zake."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Zote?"

"Zile nzuri."

Basi hapo ndipo palipomuuma. Mke aliyekufa angeweza kumvumilia. Watu hufa, na waliobaki hupenda tena, hakuna la ajabu. Lakini kwa miezi mingi alikuwa amelala akimfikiria mtu aliyepiga magoti saa nzima akisubiri bawa litulie. Alikuwa amempenda mtu huyo. Na mtu huyo, kumbe, alikuwa mwanamke mwenye bangili moja, na amelala kaburini.

"Nilikuambia una jicho," alisema. "Ulinijibu nini?"

"Asante."

"Asante! Mtu anasifiwa kwa jicho la mkewe anasema asante!"

"Ningesema nini?" Sauti ya Fundi ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, hebu sikiliza. Mimi sikukutafuta wewe. Nilikuwa natafuta majina. Yule mtu alipiga picha hizi miaka, hapa uwanjani na kule kijitoni, hakumwonyesha mtu yeyote. Hakujua wanaitwaje. Aliwaita majina yake tu. Yule mwekundu alimwita Bwana Harusi. Mwingine Askari, kwa ajili ya mistari mabegani. Alipoondoka nikabaki na kamera na wadudu wasio na majina, nikaona nitawatafutia. Ndiyo nikaandika kwenu. Nilidhani atanijibu mzee mmoja mwenye miwani."

"Akakujibu nani?"

"Ukanijibu wewe."

Simu ya Mwalimu ililia mikononi mwa Fundi. Kwenye kioo liliandikwa neno Mama. Wakaitazama wote wawili mpaka ikanyamaza.

"Anauliza kama unakuja," Mwalimu alisema. "Vikombe vimeshatolewa."

"Nije?"

"Sijui." Na kweli hakujua. "Mimi ninasema ukweli, sijui ninampokea nani. Ninachokupendea wewe si chako. Kila picha niliyoipenda ilikuwa ya mwenzio. Sasa wewe ni yupi? Nionyeshe kitu kimoja ambacho ni wewe."

"Nilikutumia za kwangu pia."

"Zipi?"

"Zile ulizokataa."

Mwalimu alimtazama. Akakumbuka. Katikati ya zile picha safi zilikuwa zikiingia nyingine za ajabu, boneti tupu yenye mkwaruzo wa rangi ya kahawia hewani, kama mtu amefuta kitu kwa kidole. Alidhani mtu huyu hodari ana siku zake mbaya. Zote alizijibu vilevile: Haitambuliki.

"Zile zilikuwa mbaya sana," alisema, na sauti ikamlegea kidogo bila ruhusa yake.

"Najua."

"Kwa nini uliendelea kuzituma?"

Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache pembeni, na aibu iliyomshika ilikuwa ya kijana. "Picha nzuri ulikuwa unaniandikia jina, basi. Neno moja. Mbaya ulieleza. Kwa nini haitambuliki, nisimame wapi, jua liwe upande gani, nisikate tamaa. Mara nyingine mistari kumi. Nikawa napiga mbaya nyingine."

Mwalimu alitaka kucheka na hakutaka kucheka. Akageuza uso upande wa mabati.

Alipougeuza ndipo alipoiona katoni. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, kipande kikubwa cha katoni ya friji, kimechakaa pembeni, kimeshikwashikwa mpaka mahali pa vidole pakawa peusi. Akanyanyuka, akaichukua simu yake kutoka mikononi mwa Fundi, akaifungua tena ile picha. Kushoto kwa kofia palikuwa na umbo la pembe nne ambalo asubuhi aliliona na kulipuuza, akidhani ni ukingo wa paa. Akalikuza. Chini ya pembe ile kulikuwa na vidole vya mtu.

"Huyu naye ni nani?"

Fundi akasogea, akatazama juu ya bega lake. Walikuwa hawajawahi kusimama karibu hivyo.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa namkingia. Jua likipiga boneti picha inaungua, kwa hiyo nasimama na katoni mpaka mdudu atue. Mikono inakufa ganzi. Ukiitikisa katoni mdudu anaruka, na ukishamrusha, siku hiyo chakula cha jioni unakula na maneno."

Mwalimu alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika jioni ile: zaidi ya jicho ni huu mwanga wako, sijui unaupataje. Basi ulipatikana hivi. Mtu alisimama juani na mikono juu, ili mwenzake aone vizuri. Picha ile ile, na yeye, aliyewakataza watu wote kufanya haraka, alikuwa ameisoma nusu.

"Mbona hukuniambia kwamba mwanga ni wako?"

"Katoni ni kitu cha kujisifia?"

* * *

Kereng'ende alikuja wakati huohuo, na hakuja kwa ajili yao. Alitokea juu ya mabati, wa rangi ya hudhurungi iliyopauka, mabawa mapana nyuma, akashuka kwenye boneti nyekundu. Hakutua. Alipita juu yake toka upande huu hadi ule, chini kabisa, akageuka, akapita tena, na kila akipita aligusisha ncha ya mkia kwenye rangi.

"Huyo," Fundi alinong'ona. "Huyo ndiye Mpiga Pasi."

"Nani?"

"Marehemu alimwita hivyo. Tazama anavyokwenda, kama anapiga boneti pasi. Alimtaka huyo mpaka basi. Hakumpata hata mara moja, maana hatulii. Aliwapata wote isipokuwa yeye. Ndiyo maana mimi..."

Mwalimu aliinua simu. Hapa lazima tumchongee kidogo. Miaka yote hiyo ya kuwafundisha watu wasimame wapi na jua liwe upande gani, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumpiga kereng'ende mzima picha. Wake walikuwa wa kwenye droo, na wa kwenye kompyuta. Alinyemelea, akapinda goti kama alivyowaelekeza wengine, akabonyeza. Akabonyeza tena. Mpiga Pasi akapita mara ya mwisho, akapanda juu ya mabati, akaenda zake.

Aliangalia alichokipata. Boneti tupu, na mkwaruzo wa rangi ya kahawia hewani, kama mtu amefuta kitu kwa kidole.

Akakaa kwenye tairi akiitazama picha hiyo. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kikachanganyika na machozi, hata yeye hakujua kipi kilitangulia.

"Zile zako zote," alisema, "zilikuwa za huyu?"

"Za huyu tu. Mwanzoni nilimpiga kwa ajili yake yule. Sikufichi. Nilitaka nimkamilishie. Baadaye nikawa nampiga ili uniandikie. Siku gani iligeuka, hata ukinifunga kamba sitajua."

"Fundi."

"Naam."

"Huyu ni mhamaji. Hatui mchana, labda achoke sana. Anasafiri na mvua, anavuka nchi kwa nchi, anataga kwenye madimbwi ya siku chache. Mtu akiniletea picha yake iliyotulia, namshuku." Alifuta macho kwa kiganja, akaacha alama ya vumbi shavuni. "Mkwaruzo wa kahawia juu ya boneti, kila wakati wa mvua, hautui. Ningeweza kumtambua kwa hilo tu. Nilikuwa nakukataa wewe kwa sababu picha haikufanana na za mwingine."

Fundi alitaka kumfuta lile vumbi shavuni. Mkono uliinuka, ukakumbuka rangi kwenye kucha, ukarudi. Mwalimu aliuona ulivyoinuka na ulivyorudi.

"Zile za marehemu," alisema, "kule kwetu zimeandikwa mpiga picha ni wewe. Jumatatu nitazirekebisha. Nitaandika jina lake."

Uso wa Fundi ulibadilika. "Lazima?"

"Lazima. Ni kazi yake."

"Nikiliona pale limeandikwa, nitajua kwamba amekwenda kweli."

"Amekwenda kweli," Mwalimu alisema, kwa upole kadiri alivyoweza. "Na mimi siwezi kuishi na mtu ambaye nusu yake ameificha kwa ajili ya mwingine. Mtaje. Nyumbani kwangu mtaje, mezani mtaje. Ukimficha ndipo nitamwogopa."

Fundi akarudi kuikalia ndoo yake. Kisha akalitaja jina la mkewe, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza mbele ya Mwalimu, na likabaki kati yao wawili.

Simu ikalia tena. Safari hii Mwalimu akapokea.

"Uko wapi?" mama aliuliza. "Shangazi yako amefika, anauliza keki iwe ya ukubwa gani. Huyo mtu wako anakuja au haji?"

"Mama, ulisema nimuulize."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Ni mgane. Mkewe alifariki. Zile picha nilizokuwa nakuonyesha alizipiga huyo mkewe, si yeye."

"Alikuficha?"

"Alinificha. Sasa ameniambia."

"Kakuambia kwa hiari au umembana?"

Mwalimu akamtazama Fundi, aliyekuwa amekodoa macho kama mshtakiwa. "Nilimbana kidogo."

Mama alishusha pumzi ndefu. Mwalimu aliijua pumzi hiyo. Ndiyo aliyoitoa kila alipokunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa na mtu mwingine vibaya. Alisubiri maneno ya kubisha hodi kwa mgane, ya kuingia nyumba yenye vyombo vya mwenzako, yote yale.

"Picha ya huyo marehemu ipo?" mama aliuliza.

"Ipo moja. Lakini uso hauonekani, Mama. Inaonekana kofia tu."

"Basi aje nayo. Siwezi kupokea mkwe huku mtu mwingine amebaki nje mlangoni." Akakohoa kidogo. "Na mwambie asichelewe. Keki itakuwa kubwa."

Simu ikakatika. Mwalimu alifungua zile picha zilizokataliwa, akaitafuta ya zamani kuliko zote, akagusa pale palipoandikwa Haitambuliki. Lakini jua la alasiri lilikuwa limepiga kioo cha simu, naye hakuona hata herufi. Alipinda huku, akapinda kule.

Kivuli kikamshukia. Fundi alikuwa amesimama juu yake na ile katoni, mikono juu, bila kuitikisa. Mwalimu alijua kabisa kivuli hicho kilikuwa cha mwingine kabla yake. Akasogea ndani yake, akafuta neno lile, akaandika jina la mdudu, na chini yake akaandika la mpiga picha.

"Kesho uje mapema," alisema bila kuinua kichwa. "Na uje na kofia yake."